Boma Liko Safi

Jumatatu, 6 Januari 2025

Leo nimevaa kitambulisho changu shingoni mpaka sokoni. Najua ni ushamba. Mama wa mboga alikisoma kwa sauti – Sharon Achuka, Msimamizi wa Nyanjani – nikajikuta nimenunua sukuma wiki ambayo sikuihitaji. Miaka kumi na moja nimefundisha Kiswahili darasa la sita na la saba, na hakuna siku jina langu lilisomwa sokoni!

Kazi yenyewe ndiyo hii. Mvua ya mwaka jana ilinyesha kama imetumwa. Nyasi zikafika kiunoni, sasa zimekauka. Kiberiti kimoja cha mchoma makaa kinatosha. Mradi wa kukinga moto hapa Isiolo unataka kujua kijiji gani kitaungua kwanza na jengo gani halitasimama. Tutapita nyumba kwa nyumba: paa ni la nini, majivu yanamwagwa wapi, nyasi ziko umbali gani. Kila kijiji kitapata alama. Vijiji sita vyenye hali mbaya kuliko vyote vitaletewa greda, ivikwangulie mkanda wa udongo mtupu kuzunguka kabla upepo wa Februari haujachacha. Greda ni moja. Vijiji ni sita tu, na orodha inafungwa tarehe thelathini na moja.

Fomu ilikuja kwa Kiingereza. Salesio, mratibu wetu, Mmeru mpole mwenye haraka, akauliza nani anaweza kuitafsiri. Nani tena! Nilimaliza kwa siku mbili. Swali la saba ndilo lililonitoa jasho, maana lina alama thelathini kati ya mia. Nilianza na "nyumba" nikalifuta. Familia moja huku ina vibanda vitatu, vinne, na jiko la pembeni. Nikaandika: "Je, boma liko safi, bila nyasi kavu, mita kumi kuzunguka?" Boma! Neno la kwetu, tena lenye uzito. Salesio alilisoma mara mbili akasema hicho ndicho Kiswahili.

Nimemwambia ni kawaida tu. Si kawaida. Nimelisoma swali hilo tena kabla ya kuandika hapa.


Jumatano, 8 Januari

Mafunzo, ukumbi wa kanisa. Watu kumi na wawili. Kiswahili chao – Mungu wangu! Kitabu iko, nyumba imeanguka yake yote. Nimesema fomu ikiandikwa kwa Kiswahili sanifu itaulizwa kwa Kiswahili sanifu.

Ibrae Huqa ndiye atapima Kulamawe, alikozaliwa. Mtu mzima, ana watoto watatu, zamani alikuwa akichanja mifugo. Alisoma swali la saba, "boma iko safi," nikamsimamisha hapo hapo. Boma liko, maboma yako. Akarudia vizuri. Kisha akainua mkono tena akauliza, "Mwalimu, boma gani?"

Nikamjibu kwamba "gani" haibadiliki kwa ngeli yoyote, kwa hiyo hapo amepatia. Watu wakacheka. Yeye akatabasamu kidogo, akaketi.

Nilifundisha vizuri leo. Hata koo linauma.


Jumatatu, 13 Januari

Oldonyiro. Vumbi mpaka kwenye meno. Majengo ya umma nimejiwekea mwenyewe, kwa sababu hayo yanataka jicho.

Watu wanadhani mabati ni dawa. Mabati si dawa! Moto wa nyasi hautembei kwa miguu peke yake, unatuma cheche mbele, na cheche inatafuta tundu. Shuleni nilipanda ngazi nikachungulia chini ya paa: viota vya ndege vimejaa kutoka ukutani mpaka ukutani, vikavu kama tumbaku. Paa halitaungua, ndiyo, lakini madawati yatateketea chini yake. Mwalimu mkuu alipanda akaona mwenyewe.

Kwenye zahanati, mtungi wa gesi wa friji ya chanjo umesimama nje, umeegemea ukuta, na nyasi zimeufunika mpaka shingoni. Muuguzi alisema amepita hapo miaka minne hajawahi kuuona hivyo. Kabla sijamaliza kuandika alama, umeshahamishwa na nyasi zimefyekwa. Jengo limetoka nyekundu kuwa njano mbele ya macho yangu! Sijui daktari anajisikiaje akiponya mtu, lakini nadhani ni kama hivi.


Alhamisi, 16 Januari

Mama amepiga simu kutoka Gotu. Watu wangu wamefika kwake. Wameuliza kama boma ni safi, naye amewajibu ni safi kuliko la jirani yake, waende wakaone. Sabini na kitu, na bado anataka kushinda jirani. Nimecheka peke yangu jikoni.

Damu yangu hiyo.


Jumatatu, 20 Januari

Hesabu ya kwanza imetoka. Familia 640. Boma safi: 611!

Salesio alikuwa akizungusha kiti chake. Alitarajia ramani nyekundu, amepata kijani kila mahali. Nimemwambia wafugaji wanaijua nyika yao, hawahitaji mgeni kuwafundisha kufyeka. Nilikuwa naongea kama mbunge. Kulamawe kijani. Gotu kijani – nimelitazama lile doa la kijani la Gotu kwa muda, nikamwona Mama na panga lake.

Kwa hiyo vyote viwili haviingii kwenye vile sita. Sawa, heri wasaidiwe wenye shida.

Salesio anataka nikague nyumba kumi, utaratibu tu. Nimechagua Kulamawe. Lami mpaka mlangoni.


Jumatano, 22 Januari

Kalamu inatoboa karatasi kwa hasira.

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya Gumato, mjane, nywele nyeupe chini ya mtandio. Nyumba ya fito na mikeka, paa la nyasi, kiraka cha bati. Na nyasi kavu zimesimama mpaka ukutani! Niliketi ndani nikavuta bua moja kupitia katikati ya mikeka bila kuinuka. Nikafungua fomu yake kwenye tableti. Boma liko safi: Ndiyo. Mita kumi na nne.

Kumi na nne!

Nyumba ya pili vivyo hivyo. Ya tatu. Tisa kati ya kumi. Cheche moja na kijiji chote ni majivu, na kwenye ramani yangu kimekaa kijani. Sikuwauliza wenyeji kitu. Kiborana sijui, na subira ilikuwa imeisha. Mwenye hoteli pale barabarani aliniambia Ibrae alikuwa akinywa chai kwake kila siku. Basi! Amejaza fomu mezani, akila mandazi.

Nimempigia Salesio nikiwa nimesimama kando ya lami. Ibrae ameondolewa kazini kabla jua halijazama. Jina langu liko juu ya fomu hizo. Sitaki mtu alichezee.


Alhamisi, 23 Januari

Ibrae amekuja ofisini kurudisha tableti. Ameifuta vumbi, waya wa chaji ameukunja vizuri. Hakupiga kelele. Alisema, "Mwalimu, mimi nimepima na kamba. Rudi uulize yule mama."

Nimemjibu kamba haisemi uongo, mwenye kamba ndiye anayesema. Nimelipenda jibu langu hilo mpaka jioni.


Jumamosi, 25 Januari

Gotu, kwa Mama. Nilimpelekea majani ya chai na sukuma wiki niliyonunua leo asubuhi. Nimerudi na mwili mzito.

Nyumba yake ni ya majani ya mkoma na turubai, kama zilivyo za majirani. Na nyasi – zimefika mpaka kwenye turubai. Unaweza kuzishika ukiwa kitandani. Mama yangu Akal, aliyewaambia watu wangu boma lake ni safi kuliko la jirani!

Nilimuuliza mbona alidanganya. Alinitazama kama nimemtukana. Akanishika mkono akanipeleka nyuma ya nyumba, hatua kama arobaini, mpaka kwenye ua wa miiba wanapolala mbuzi. Pale hata mbegu haioti. Udongo na samadi tu, na nje ya miiba pia, pande zote, kwa sababu mbuzi hupita hapo asubuhi na jioni.

Tulikuwa tukiongea Kiturkana, lakini neno lenyewe alilitamka vile alivyoulizwa.

"Hii hapa boma. Kuna nyasi?"

"Mama, hilo si boma. Hilo linaitwa zizi."

"Zizi ni nini?"

 Amelala kando ya mbuzi miaka sabini na hajawahi kulisikia neno hilo. Na mimi nililisikia lini? Darasa la tano, kwenye kitabu! Kabla ya hapo nilikuwa na boma tu, kama kila mtu Isiolo. Nilichapwa nikiwa na miaka minane kwa sababu niliacha boma wazi na fisi akala mbuzi wawili. Hakuna aliyesema nimeacha zizi wazi. Zizi nililisoma, boma ndilo nililofunga kwa mikono yangu na miiba ikanichoma.

Mama akaendelea, bila haraka, kwamba mtu akiulizwa boma atajibu boma. Angeulizwa nyumba angejibu nyumba. Angewaambia nyasi ziko mpaka mlangoni na goti lake haliwezi kuinama kuzikata.

Watu 611 wamesema ukweli. Wote walisema ukweli. Ng'ombe wao, mbuzi wao, ngamia wao wanalala mahali safi.

Na nilipokuwa nangojea gari barabarani ndipo nikamsikia Ibrae, mkono juu, ukumbini. Mwalimu, boma gani? Aliniuliza! Kabla kazi haijaanza aliniuliza, nami nikamjibu ngeli.

Nimeona aibu. Naandika hivyo hivyo, bila kulipamba. Aibu.


Jumapili, 26 Januari

Kanisani sikusikia hata somo lilikuwa la wapi.

Ninaweza kubadilisha neno moja usiku huu kwenye mfumo. Ninazo funguo zote. "Nyumba" badala ya "boma", niseme tumeboresha fomu, watu warudi nyanjani, orodha itoke sawa. Hakuna atakayejua. Ila Ibrae atabaki yule aliyejaza fomu hotelini. Na mwenye hoteli, je? Kila mtu Kulamawe anakunywa chai pale! Hata mimi nilikuwa nakunywa chai pale nilipomuuliza.

Sifa nilizopewa zilikuwa kilemba cha ukoka. Tena nilikisuka mwenyewe.

Nikinyamaza nitakuwa na cheo. Sijui nitakivaa wapi.


Jumatatu, 27 Januari

Nimesema. Mbele ya wote kumi na mmoja, nimesimama. Nilikuwa nimeandaa maneno mazuri, yakapotea, nikasema tu: swali la saba nililiandika vibaya, Ibrae aliniuliza nikamcheka, yeye ni msafi na mimi ndiye mwenye kosa.

 Kisha yule anayepima Ngare Mara akasema kwa sauti ndogo kwamba hata yeye alishangaa, lakini aliogopa kusahihishwa. Hilo limeniuma kuliko yote.

Salesio alifumba macho. Akahesabu siku kwa vidole. Orodha ni Ijumaa, hawezi kuisogeza. Tuna siku nne kurudia swali moja kwa familia 640. Cheo changu tutakiongelea baadaye, amesema. Na mtu wa Kulamawe nimtafute mwenyewe.

Nilikwenda kwa Ibrae, Kambi Garba. Salaam aleikum yangu ilitoka kama ya mwizi. Mke wake alinipa chai, Ibrae akaendelea kutengeneza mnyororo wa pikipiki yake karibu nusu saa. Nilikunywa chai. Nilistahili. Alipokuja nilimwomba msamaha, nikamwambia nimeshasema mbele ya watu.

Hakusema amesamehe. Aliuliza, "Sasa swali ya saba utaandika aje?"

Nikasema: nyumba.

"Nyumba gani? Ya jikoni? Ya mbuzi mdogo? Ya kuweka gunia?"

 Kwa mara ya kwanza nikamuuliza yeye angeandika nini. Alifikiri, akifuta mafuta kwenye vidole. Akasema, "Mahali watu wanalala. Ng'ombe ana yake, watu wana yao. Uliza mahali watu wanalala."

Miaka kumi na moja ya kufundisha, na swali limeandikwa na mchanja mbuzi. Ni swali zuri kuliko langu. Nimelituma kwa wote jioni hii hii, na mwisho wake nimeandika: limetungwa na Ibrae Huqa.


Jumatano, 29 Januari

Pikipiki ya Ibrae, mimi nyuma, upepo wa asubuhi, kilomita zote hizo. Mtu uliyemfukuza kazi humshiki vizuri kiunoni, unashika chuma cha nyuma. Masharti yake: atauliza kwa Kiborana, na mimi ninyamaze, nishike ncha ya kamba. Nimeshika.

Kwa Gumato. Ibrae anamwita ako, yaani nyanya. Alipoulizwa mahali watu wanalala, ako alicheka kwanza. Akasema, kwa Kiswahili ili nisikie, "Hapo? Hapo si safi. Hapo hata nyoka nalala."

Kamba: sifuri. Nyasi zinagusa ukuta. Nyumba ya pili, mita moja. Ya tatu, sifuri. Nimeandika sifuri nyingi leo kuliko mwalimu wa hesabu mwenye hasira, na kila moja niliifurahia kwa sababu ilikuwa kweli.

Halafu ikaja shida ambayo fomu haina. Nilimwambia ako, kupitia Ibrae, asingoje greda, akate nyasi sasa. Uso wake ukabadilika. Zile nyasi hazikuota kwa uvivu! Ni kalo – nyasi zinazowekwa karibu na nyumba makusudi, ng'ombe wakubwa wapelekwe mbali, zibaki za ndama kiangazi kikikaza. Kijiji kizima kimekubaliana hivyo. Ako alisema, "Hii ni benki ya ndama. Wewe nataka nichome benki sababu moto inaweza kuja?"

 Nilimwonyesha kwa mkono tu jinsi siku ile bua lilivyopita katikati ya mikeka mpaka pale anapolaza kichwa. Nikauliza nani atawalisha ndama yeye akiwa hayupo.

 Akapitisha kidole penye mwanya wa mikeka. Ibrae hakuharakisha, nami nikajifunza kutoharakisha. Mwishoni ako aliuliza boma la ng'ombe limekuwaje safi, nani amelifyeka. Hakuna, ni kwato tu. Basi, akasema, ndama waache kula kule mbali. Waanze mlangoni. Wafungwe kando ya ukuta, wale kutoka nyumbani kwenda nje, na wakanyage. Kitakachobaki wanawake watakikata na kukitundika juu ya mgunga ule mkubwa, mbali na mapaa. Benki itahama tawi, haitafungwa.

Ibrae alinitafsiria, kisha akanitazama kuona kama nimeelewa. Nimeelewa! Nilitaka kumkumbatia ako, nikaona nitamwangusha. Hakuna greda, hakuna fomu. Bibi mmoja na ndama saba.


Ijumaa, 31 Januari

Orodha mpya. Familia 640. Mahali watu wanalala ni safi: 83.

Ramani ni nyekundu kama pilipili, na ni ramani nzuri kuliko zote nilizowahi kuona. Kulamawe ni ya tatu, Gotu ya tano. Greda inaanza tarehe tatu.

Salesio ameniacha kwenye usimamizi. Amesema amewahi kufanya kazi na watu wengi wanaojua, wachache wanaojua walikosea wapi. Ibrae amerudishiwa tableti. Kwenye ripoti kuna ukurasa mmoja unaitwa "Kosa la swali la saba", nimeuandika mwenyewe na nimeuwekea jina langu lote, Sharon Akal Achuka. Mama apate kuonekana pia, kwani yeye ndiye aliyelikamata.

Najivunia ukurasa ule. Ni ajabu, lakini najivunia.


Jumanne, 11 Februari

Greda imekatika kipuri kwenye kijiji cha pili. Kipuri kinatoka Nairobi. Kulamawe isiitarajie greda kabla ya tarehe ishirini na nne.

Upepo umeanza. Mabati yanaongea mchana kutwa.

Ako amempigia Ibrae simu: ndama wamefika hatua kumi kutoka mlangoni, na majirani waliomcheka wameanza kufunga wa kwao. Gotu, Mama amekataa mbuzi karibu na nyumba kwa sababu watakula turubai. Nimewaomba wanawake wa kanisa wakamkatie Jumamosi. Amekubali kwa sharti kwamba wakate na za jirani pia, ili asisemwe.


Alhamisi, 13 Februari

Kulamawe, saa nane mchana. Naandika nimeketi kwenye ngazi ya shule.

Tulikuja na Ibrae asubuhi kupima tu. Nyumba 38 upande huu. Saa sita tulikuwa tumemaliza 31, zote zaidi ya mita tisa! Niliimba. Ibrae aliniambia ninyamaze, si kwa ajili ya sauti yangu, bali kwa sababu alikuwa akitazama mashariki, upande wa Garbatulla. Moshi. Mwembamba kwanza. Sasa ni mpana, na upepo uko nyuma yake.

Nimempigia Salesio. Gari la maji limetoka Isiolo. Lami au si lami, ni saa moja na zaidi. Watoto na wazee wako hapa uwanjani, kwenye udongo mtupu. Viota chini ya paa mwalimu mkuu wa hapa alivitoa wiki iliyopita, baada ya kusikia habari za Oldonyiro. Nimepanda kuhakikisha. Hakuna hata unyasi. Wanaume na wanawake wako kwenye zile nyumba saba zilizobaki bila kufyekwa, mapanga na matawi mabichi. Panga langu limeniacha na malengelenge mawili, nimetumwa kuhesabu watu.

Nimehesabu mara mbili. Ako hayupo.


Saa nane na nusu

Niko kwake. Amekataa kuondoka. Ameketi kwenye kigoda mlangoni, ndama wake saba wamefungwa ukutani, mitungi ya maji mitano mbele yake, mikeka ameilowesha yote. Kuzunguka nyumba ni udongo na kwato. Nimempigia magoti. Amesema amekaa hapa tangu akiwa bibi harusi, na kwamba mimi mwenyewe nimepima, sasa naogopa kipimo changu? Kisha akachora kwa fimbo hewani, nyumba, ndama, udongo, mpaka nyasi zinapoanzia, akasema, "Sasa hii yote ni boma."

Nimepima tena. Nimefunga kamba kwenye nguzo ya mlango nikatembea nayo pande nne. Kumi na mbili, kumi na moja, kumi na tatu, kumi na mbili. Nyasi za kalo zimetundikwa juu ya mgunga, mbali. Ukweli wangu wote uko kwenye kamba hii.

Cheche zinafika. Ndogo, nyeusi, zinatua kwenye udongo na kufa. Moja imetua kwenye mkeka, ako ameipiga kwa kiganja bila kuinuka. Sauti ya moto nimeisikia sasa, kama mvua ya mbali. Ndama wanalia. Nimechukua mtungi mmoja. Naandika kwa mkono mmoja, mistari inapanda na kushuka, haidhuru, nataka saa na kipimo viwepo: saa nane na dakika arobaini, mita kumi na moja penye wembamba zaidi.

Ibrae amesimama kwenye nyumba ya pili, kitambaa kichwani, tawi mkononi. Ananipigia kelele kupitia moshi, kwa ako boma iko safi?

"Iko safi," nimejibu.

"Boma gani?"

"Zote mbili."